Kupunga Pepo: Neno Hili Lasema Nini?

Jioni moja, baada ya kufunga darasa la wakatekumeni, alinijia mama mmoja wa mtaa wetu, Mkristo wa miaka mingi na msomaji wa Injili, ambaye watoto wake wote wamebatizwa. Akaketi barazani, akakataa maji ya kunywa, nami nikajua kwamba ana neno zito. Binti yake wa tatu, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa akianguka. Katika mwezi ule alikuwa ameanguka mara tatu, na mara moja ilikuwa karibu na jiko, hata mkono wake ukaungua. Ndugu za mumewe walikuwa wamekutana, wamesema ni pepo. Fundi alikuwa amekwisha patikana, na siku ya ngoma imekwisha tajwa. Aliyebaki kukubali ni yeye peke yake.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe hutufundisha kwamba kupunga pepo si kazi ya Mkristo. Lakini Bwana Yesu mwenyewe alipunga pepo, na mitume wake wakapunga. Mbona kwao ni muujiza, na kwetu ni dhambi?"

Nikamjibu upesi, pengine upesi mno, ya kwamba Bwana hakupunga pepo, bali aliwatoa. Naye akaniuliza kwa upole, "Kutoa na kupunga si mamoja? Kuna tofauti gani?"

Hapo nikanyamaza. Maneno hayo mawili nimeyatamka tangu utoto, wala sikuwahi kuyapima. Nikamwambia ya kwamba jambo la mtoto lisingoje jibu langu, asubuhi ampeleke hospitali, nami nitamtafutia mke wa shemasi wa kumsindikiza. Bali kwa habari ya neno, anipe siku mbili. Siku mbili zile zimekuwa nyingi, na haya ninayowaandikia, wapenzi wasomaji, ni niliyoyaona katika kulitafuta.

Tuanze na kupunga. Neno lenyewe halina giza lo lote ndani yake. Kupunga ni kupeleka kitu huku na huku hewani. Twampungia mkono msafiri anapoondoka. Mtu aliyechoka kwa joto la nyumba hutoka nje jioni akapunge upepo, yaani atembee mahali penye hewa, na upepo umpitie. Tazameni basi jinsi maneno yalivyo karibu: mmoja amekwenda pwani kupunga upepo, na mwingine amekwenda kilingeni kupungwa pepo. Tofauti ni herufi moja tu, na mambo yenyewe yametengana kama mchana na usiku. Walakini maneno hayakukaribiana kwa bahati.

Maana pepo ni nani? Wazee wetu walipomwita roho asiyeonekana kwa jina la pepo, walichukua jina la upepo. Upepo hauonekani, lakini majani hutikisika. Hushikwi kwa mkono, lakini huweza kuangusha mtu mzima. Huja bila kuitwa, huondoka bila kuaga. Mtu aliyeona mwenzake akitikisika pasipo mkono wa kumtikisa alikuwa na mfano tayari mbele ya macho yake, nao ni mnazi katika kusi.

Wala si Waswahili peke yao. Neno hili ni la zamani sana, la tangu kabla lugha zetu hazijatengana, na ndugu zake wametapakaa kusini na katikati ya Afrika. Wachewa wa Malawi husema mphepo, maana yake upepo. Washona wa Zimbabwe husema mhepo, nao hutumia neno hilo kwa upepo na kwa roho wabaya pia. Waganda husema empewo, yaani upepo na baridi. Wakikuyu husema heho, nao wamebakiza baridi tu. Asiyezoea atasema kwamba heho na pepo hazifanani, lakini atazame neno jingine: sisi twasema kupa, Waganda husema okuwa, na Wakikuyu husema kũhe. Herufi ile ile imegeuka kwa njia ile ile. Na kwa Kilingala, upande wa Kongo, upepo ni mopepe, jambo ambalo halihitaji kuelezwa.

Sasa walimu waangalie jambo la sarufi, ambalo watoto wa shule hulipenda likielezwa vizuri. Katika Kiswahili neno pepo limegawanyika katika njia tatu, na njia hujulikana kwa viungo vinavyolifuata. Pepo zimevuma: hizo ni upepo mwingi. Pepo wamempanda: hao ni roho, nao huhesabiwa pamoja na watu na wanyama. Na ya tatu ni pepo njema, makao ya heri ya waliokufa, ambako twamwombea marehemu twaposema Mungu amweke peponi. Hapa wenye kuchungua lugha hawakubaliani. Wengine husema peponi ni mahali penye upepo mwanana, jambo ambalo mtu wa pwani aliyelala katika joto la mwezi wa Februari hawezi kulidharau. Wengine husema asili yake ni makao ya pepo, yaani ya roho. Lo lote likiwa kweli, yule mnyang'anyi aliyesulibiwa pamoja na Bwana ameahidiwa, katika Biblia yetu ya Kiswahili, mahali palipoitwa kwa neno lile lile ambalo kwa njia nyingine ni jina la roho wachafu. Nimelisoma kila Ijumaa Kuu kwa muda wa miaka ishirini, wala halikunishtua hata mwaka huu.

Na upepo wa kuzunguka, ule unaoinua vumbi na majani makavu uwanjani, huitwa pepo za chamchela. Mimi nilipokuwa mtoto tulikatazwa kusimama katika njia yake. Bibi yangu hakusema ni upepo wala hakusema ni shetani, alisema tu, "Wapita wenyewe." Kwake yeye maneno hayo mawili yalikuwa hayajatengana bado.

Mambo haya yaligusa kazi ya wale waliotafsiri Maandiko. Biblia nzima katika Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka wa 1891, na ile ya Umoja, ambayo wengi wetu twaisoma hata leo, ilitoka mwaka wa 1952. Watafsiri walikuta mbele yao neno la Kiebrania, ruach, ambalo ni upepo, na pumzi, na roho. Na neno la Kiyunani, pneuma, ambalo ni vivyo hivyo. Hata Kilatini kina neno spiritus, ambalo asili yake ni pumzi. Ingewezekana mtu kuwaza kwamba pepo lingefaa, kwa kuwa nalo limetoka katika upepo. Hasha! Neno lilikuwa limekwisha tumika kilingeni. Hakuna aliyeweza kusema Pepo Mtakatifu mbele ya Waswahili pasipo watu kutazamana. Basi wakachukua roho, neno la Kiarabu, ruh, lililokuwa limekwisha kaa pwani siku nyingi na lenye heshima. Nalo pia, ajabu, ni ndugu wa rih, ambalo kwa Kiarabu ni upepo. Hukimbii upepo upesi!

Kila nchi ilikata shauri lake. Wazulu husema uMoya oNgcwele, na umoya ni upepo. Wachewa husema Mzimu Woyera, yaani wamechukua neno mzimu, ambalo kwetu sisi ni la roho za wazee waliokufa, wakalitakasa kwa Roho Mtakatifu. Mkristo wa Malawi akija kwetu, akiomba kwa lugha yake kanisani, wazee wa pwani watashtuka, na kumbe anasema jambo lile lile. Tusihukumiane kwa sauti za maneno. Sisi wenyewe twatumia neno la mizimu kila Jumapili tusipojua, maana katika Imani ya Mitume twasema kwamba Bwana alishuka kuzimu. Na mtu aliyerukwa na akili twasema ana wazimu, ambayo kwa asili ni kusema ana mizimu, ijapokuwa hakuna anayefikiri mizimu leo anapolisema kwa mtoto mtundu.

Lakini kwa kuchagua roho tulipata hasara moja, na walimu wa Maandiko waiangalie. Katika Injili ya Yohana, mlango wa tatu, Bwana anaposema na Nikodemo usiku, analinganisha upepo na mtu aliyezaliwa kwa Roho. Katika Kiyunani ni neno moja, pneuma, mara ya kwanza kwa upepo, mara ya pili kwa Roho, na msikiaji alizisikia maana mbili kwa pamoja. Sisi husoma upepo, kisha husoma Roho, na mfano huwa kama ngalawa iliyokatwa kamba. Mimi nimeanza kulifundisha somo lile kwa kuwatoa watoto nje chini ya mwembe, wanyamaze, wasikilize, kisha wanieleze sauti yatoka wapi. Hujibu, "Hatujui, Mwalimu." Ndipo twaingia ndani tukasoma.

Basi nirudi kwa kupunga.

Wengi wetu tuliolelewa misioni hatukuruhusiwa kuikaribia ngoma ya pepo, na kwa sababu hiyo twaisema vibaya. Twadhani kazi yake ni kumfukuza pepo. Hata kamusi za wageni zimelifasiri neno hivyo, kwamba ni kumfukuza roho mbaya kwa ngoma na uganga. Lakini mwenye kutaka kujua na asome kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichopigwa chapa Göttingen mwaka wa 1903 na Karl Velten, ambacho sehemu kubwa yake ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili Berlin. Humo habari za pepo na ngoma zake zimeelezwa na mtu aliyeishi kati yake. Tena na aulize wazee wa mji wake, watamweleza.

Mambo huwa hivi. Mgonjwa hupigiwa bao, ikaonekana kwamba ana pepo. Huwekwa kilingeni, hufukizwa ubani na udi, ngoma hupigwa na nyimbo huimbwa, kila pepo na ngoma yake, maana pepo wa taifa moja haitikii ngoma ya mwingine. Ngoma ikimfikia, pepo hupanda kichwani mwa mgonjwa, na tangu hapo asemaye si mgonjwa tena. Mgonjwa huitwa kiti cha pepo. Fundi humwuliza: Jina lako nani? Umetoka wapi? Wataka nini? Naye hujibu, pengine kwa lugha asiyoijua mgonjwa, akataja haja zake: nguo ya rangi fulani, pete ya fedha, mbuzi, marashi, na chano chenye ndizi na mayai na halua. Hupatana. Na wakiisha kupatana, je, pepo huondoka asirudi? La. Hutulia. Hukaa na kiti chake kwa amani maadamu apewa haki yake, na mwenye kiti huwa mmoja wa chama, naye hana budi kwenda katika ngoma za wenzake, na kwa wakati wake kumtengenezea tena pepo wake. Akisahau, ugonjwa hurudi.

Sasa pimeni neno. Kupunga si kufukuza. Ni kuyumbisha, ni kumpeperusha na kumbembeleza yule aliye kama upepo, apande, aseme, apewe, atulie. Wazee walilichagua neno kwa haki kabisa, na kosa ni letu tuliolifasiri kwa haraka. Mtu aliyepungwa hakufunguliwa. Ameunganishwa na huyo aliyemwogopa, kwa mapatano yenye gharama, na mapatano hayo hayana mwisho.

Nitasema jambo moja kando, ijapokuwa si la neno. Wengi wanaopungwa ni wanawake. Na kilingeni mwanamke ambaye nyumbani hasikilizwi husikilizwa siku kadha wa kadha; huulizwa, "Wataka nini?", na mumewe hutoa nguo ambayo hakuitoa mwaka mzima. Waume wa Kikristo wanaocheka ngoma za pepo na wafikiri vema kabla ya kucheka.

Na jambo la pili kando. Majina ya pepo ni kumbukumbu ya nani alipita pwani yetu. Wako pepo wa Kiarabu na pepo wa Kihabeshi, na Wahabeshi waliletwa Unguja utumwani katika karne ya 19. Wako wa kibuki, na Buki ni jina la zamani la Bukini, ambayo sasa huitwa Madagaska. Hao husemwa kwamba wanapenda brandi. Wako ruhani, jina lililotoka katika ruh, neno lile lile lililotupa roho. Mtu asiyejua kusoma vitabu vya tarehe angeweza kujifunza safari za bahari ya Hindi kwa kusikiliza majina yale.

Twende kwa Kiyunani, maana hapo ndipo nilipopata jibu la yule mama. Injili zinapotaja Bwana akiwatoa pepo, hutumia neno ekballein. Neno hili ni la kawaida tu, maana yake ni kutupa nje, kama mtu atupavyo takataka mlangoni au amtoavyo mgeni mwovu nyumbani mwake. Halina ngoma, halina mapatano. Lakini liko neno jingine, exorkistes, ambalo limetoka katika horkos, yaani kiapo. Huyo ni mtu anayemwapisha pepo, anayemfunga kwa kutaja jina kubwa na maneno ya siri. Neno hilo exorkistes limo mara moja tu katika Agano Jipya lote, katika Matendo ya Mitume, mlango wa 19, nao walioitwa hivyo si mitume. Ni wale Wayahudi wenye kutangatanga huko Efeso, na wana wa Skewa pamoja nao, waliojaribu kulitumia jina la Yesu kama dawa, hata mwenye pepo akawarukia, wakatoka nyumbani uchi na wenye majeraha.

Je, Biblia yetu ya 1952 iliwaitaje watu wale? Iliwaita wapunga pepo. Nilipoliona, nilifunga kitabu nikakifungua tena. Watafsiri walijua! Kwa Bwana na kwa mitume waliandika kutoa. Kwa wana wa Skewa na wenzao wakaandika kupunga. Tofauti ambayo mimi niliitamka kwa mdomo tu, wao walikuwa wamekwisha ipima, wakaiweka mahali pake, nasi tukaipita kwa miaka hii yote kama mtu apitaye juu ya kisima kilichofunikwa.

Liko na neno la tatu, nalo ni kupandisha. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 18, kati ya wale waliokatazwa yumo apandishaye pepo, na baada yake awaombaye wafu. Kwa Kiebrania anatajwa mtu mwenye ob. Asili ya neno ob hujadiliwa na wataalamu hata leo. Katika kitabu cha Ayubu, mlango wa 32, neno lenye sura ile ile ni viriba vya divai. Wale waliotafsiri Agano la Kale kwa Kiyunani zamani walimwita mtu wa namna hii engastrimythos, yaani asemaye tumboni, kwa kuwa sauti yake ilisikiwa kana kwamba yatoka ndani ya tumbo. Na katika habari ya mwanamke wa Endori, Biblia yetu husema ana pepo wa utambuzi, na Sauli anamtaka ampandishie Samweli. Kupandisha huko si sawasawa na kwetu. Kwa Waebrania wafu walikaa chini, na kupandisha kulikuwa kuwaleta juu kutoka kuzimu. Kwetu pepo hupanda juu ya mtu, kama mpanda punda. Lakini kitendo ni cha namna moja, yaani aliye hai amwita asiyeonekana, aje atumike.

Mwenye kusoma mlango ule wa Samweli hadi mwisho ataona ya kwamba yule mwanamke alimhurumia Sauli, akamchinjia ndama, akamwokea mkate, naye amekwisha jua kwamba mfalme huyo atakufa kesho. Maandiko hayakuficha wema wake. Ndiyo sababu mimi sipendi kuwatukana mafundi wa ngoma mbele ya watoto. Wengine wao ni jirani wema.

Siku ya tatu nilikwenda kwa yule mama. Nikamweleza haya yote, kwa ufupi kuliko nilivyoyaandika. Akasikiliza, kisha akaniuliza neno ambalo sikulitazamia. "Lakini katika Marko, mlango wa tano, Bwana alimwuliza yule pepo jina lake, naye akasema Legioni. Tena wakamsihi waingie katika nguruwe, naye akawapa ruhusa. Huko si kuuliza jina? Huko si kupatana?"

Ndugu zangu walimu, mfundisheni mwanamke kusoma, naye atawatoa jasho. Nilimwambia niliyoweza: ya kwamba katika mlango ule anayeapisha ni pepo mwenyewe, ambaye anamwapisha Yesu kwa jina la Mungu, na Bwana haapishi, ya kwamba hawakupewa chano wala mbuzi, wala hakuna aliyelipa ila wenye nguruwe, na ya kwamba mwisho wa habari ni mtu ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, wala haambiwi arudi mwakani. Akaitikia kwa kichwa. Sidhani kwamba alitosheka kabisa, wala mimi sikutosheka kabisa.

Kwa habari ya binti, hospitali walisema ni kifafa. Huo ni ugonjwa wa ubongo, wala hauambukizi kwa mate wala kwa kumgusa mgonjwa aliyeanguka, kama wengi wanavyoogopa. Alipewa vidonge vya kila siku, na mama ameambiwa asiviache hata binti akionekana mzima, maana kuviacha ghafula huweza kuleta maanguko mabaya kuliko ya kwanza. Nayo degedege ya watoto wadogo, ambayo pwani husemwa kwamba ni ndege wa kishetani aliyepita juu ya nyumba, mara nyingi ni homa kali, na malaria ikiwa kichwani huua kwa muda wa saa chache. Mtoto wa namna hiyo asipelekwe kwa mtu ye yote kwanza, wala kwa fundi, wala kwa katekista. Apelekwe hospitali, nasi tutamwombea njiani.

Ngoma haikupigwa. Ndugu za mume hawajafurahi. Mbuzi alikuwa amekwisha nunuliwa, naye akaliwa siku ya Sikukuu ya Mavuno, jambo ambalo kwa wengine lilikuwa kama dhihaka. Binti ameanguka mara moja tangu hapo, nayo ni siku aliyosahau dawa. Amerudi shule.

Ningependa kusikia kutoka kwa walimu wa bara, na wa Uganda na Kongo wanaosoma karatasi hii: katika lugha ya kwenu, neno mnalotumia katika Injili kwa Bwana kuwatoa pepo ni lile lile wanalotumia waganga kwa kazi yao, au ni jingine? Na kama ni lile lile, wasikiaji wenu hufahamu nini? Andikeni neno lenyewe, na maana yake ya kwanza, kabla halijaingia kanisani.